Shajara ya mradi: keki ya aina moja, stoo tatu (puer mbichi ya 2006, Guangzhou)

Februari, mwanzoni

Haya wadau, mradi umeanza. Kwa wageni: mi nakaa Guangzhou, shughuli yangu ni mizigo ya kwenda Dar, chai hainihusu kikazi kabisa, ila soko la chai la Fangcun liko ng'ambo ya mto tu na metro laini namba moja inakushusha pale pale, kwaio kontena likishafungwa jumamosi mi nipo kule naonjeshwa chai za watu. Na huko ndo nimekutana na swali ambalo kila muuzaji ana jibu lake: puer mbichi ya zamani inapikwaje? Huyu anakwambia maji yachemke kabisa, yule anasema tisini na tano yatosha, huyu suuza mara moja, yule mara mbili, na wote wanaongea kwa uhakika kama masheikh wa mwandamo wa mwezi.

Nachofanya ni hiki. Nimetafuta keki ya puer inayoitwa 7542 ya mwaka 2006, toleo la 601 (la kwanza la mwaka huo), kutoka stoo tatu tofauti. Moja imekaa Kunming muda wote, moja imekaa hapa hapa Guangzhou, moja imepitia stoo ya kizamani ya Hong Kong. Kiwanda kile kile, fomula ile ile, mwaka ule ule, kilichotofautiana ni hewa tu iliyokaa nayo karibu miaka 20. Nataka kujua kama kuna namna moja ya kuzipika zote au kila stoo ina masharti yake. Mi nahisi masharti yapo, ila ngoja ulimi uamue.

Kwa ambao hawajawahi kuiona hii chai: ni majani makubwa ya Yunnan, jimbo la kusini magharibi mwa China, yanachumwa, yanapitishwa kwenye karai la moto kuyaua kidogo yasiendelee kubadilika haraka, yanasokotwa, yanaanikwa juani, baadae yanapigwa mvuke na kubanwa yanakuwa keki ya gramu 357. Keki saba zinafungwa pamoja kwenye maganda ya mwanzi, hapo ni kilo mbili na nusu. Hiyo ndo mbichi, wenyewe wanaiita sheng (Wakenya tulieni). Ile nyingine iliyoivishwa inalundikwa, inamwagiwa maji na kufunikwa wiki kadhaa mpaka inakuwa nyeusi, ufundi uliotoka Kunming miaka ya 1970 kwa sababu watu walichoka kusubiri. Mbichi haina njia ya mkato, unaiweka kabatini na maisha yanaendelea.

Na 7542 ni fomula ya kiwanda cha Menghai kilichopo Xishuangbanna, kusini kabisa mwa Yunnan. 75 ni 1975, mwaka fomula ilipotungwa, 4 ni daraja la majani, 2 ni namba ya kiwanda (1 ni Kunming, 3 ni Xiaguan). Kuna watu wanauziwa wakiamini ni keki ya 1975, na muuzaji ananyamaza tu, hadanganyi, ila hasahihishi.

Sijanunua keki nzima, nimekatiwa vipande. Bei za keki za Menghai pale Fangcun zinapanda na kushuka kila siku, watu wanaangalia kwenye simu asubuhi kabla ya kufungua duka. Waliokuwepo 2007 wanakumbuka bei ilivyopaa halafu ikaporomoka mwaka huo huo, kuna waliobaki na magodauni yamejaa. Ukisikia mtu anataja "88 Qing" jua ni 7542 za kati ya 1989 na 1992 zilizotunzwa pakavu Hong Kong, mfanyabiashara anaitwa Vesper Chan ndo aliyezinunua na kuzipa jina, 88 kwa sababu Wakantoni wanaipenda nane, sio kwamba ni za 1988. Bei ya keki moja ya hizo unapata pikipiki na mafuta yake. Sisi tupo na 2006, tutulie.

Februari, katikati

Kubandua. Hapa watu wanaharibu chai kabla hata maji hayajachemka. Ukichukua kisu ukaisukuma keki kutokea juu unapata vumbi, na vumbi kwenye maji ya moto linatoa uchungu wote kwa mkupuo, afu unailaumu chai. Keki imebanwa kwa matabaka, kwaio unaingiza kisindano kwa ubavuni, taratibu, mpaka unahisi tabaka linaachia, halafu unakiinua kidogo na kuhamia pembeni, ukiwa na subira jani linatoka likiwa jani.

Hapo hapo nimeshaanza kuziona tofauti. Cha Kunming bado kina rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kahawia, majani magumu, yanakatika kwa mlio. Cha Guangzhou ni kahawia yenye wekundu, kina mng'ao, kinaachia kirahisi. Cha Hong Kong ni cheusi kidogo, kimelegea, na juu ya majani kuna weupe mwembamba wa unga. Huo weupe kwa stoo za aina ile ni kawaida na wenyewe wanaupangusa kwa brashi, ila ukiona ukungu wa njano, kijani au mweusi wenye manyoya usifanye ushujaa, tupa.

Nimeviweka kila kimoja kwenye mtungi wake wa udongo usiopakwa rangi ndani, mfuniko haujabana. Vipumue wiki chache. Chai iliyokaa imebanwa miaka yote hiyo ukiibandua leo ukainywa leo inakuwa butu, haisemi kitu. Hii hatua wengi wanairuka na nadhani inachangia nusu ya malalamiko ya "mbona haina ladha".

Machi, kuta zinatoka jasho

Mradi umesimama kidogo kwa sababu ya huinantian. Ambaye hajakaa Guangzhou: kuna kipindi mwishoni mwa baridi hewa yenye unyevu inatoka kusini inakutana na majumba ambayo bado yamepoa, maji yanatiririka ukutani, sakafu inateleza, nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu. Kipima unyevu changu kimegonga 94. Kwa hii chai watu wengi wanalenga 60 mpaka 70 hivi, ukizidi 80 kwa muda mrefu na joto lipo unakaribisha ukungu.

Nimefunga madirisha yote, mitungi nimeipandisha juu ya kabati mbali na ukuta wa nje, mashine ya kukausha hewa inafanya kazi usiku kucha. Mama mmoja muuzaji pale Fangcun amenicheka, akasema chai zake ziko ghorofa ya pili, kipindi hiki mlango wa stoo haufunguliwi kabisa, hata mteja akija na hela mkononi anaambiwa arudi jua likitoka. Hapo ndo nikaelewa kwamba "stoo ya Guangzhou" sio chai iliyoachwa tu kwenye hewa ya Guangzhou. Kuna mtu anafungua na kufunga milango miaka 20. Hiyo ndo kazi unayoilipia.

Machi, mwishoni: Kunming

Hewa imetulia, tumeanza. Vipimo vya kuanzia kwa zote ni vile vile ili ulinganifu uwe wa haki: gaiwani ya mililita 100 (kibakuli cha mfuniko), gramu 7, maji yanayochemka, nasuuza mara moja kwa sekunde tano hivi na kumwaga, naacha majani yalegee na mvuke wake dakika moja, afu raundi ya kwanza sekunde tano, ya pili tano, ya tatu nane, naongeza polepole. Namimina kwenye kijagi kwanza ndo nagawa kwenye vikombe, maana ukimimina moja kwa moja kikombe cha mwisho kinakuwa kikali kuliko cha kwanza.

Kunming iko juu, mita kama 1,900 kutoka usawa wa bahari, kuna ubaridi na ukavu, kwaio chai inazeeka polepole sana. Na hii imethibitisha. Rangi kwenye kikombe ni ya chungwa, harufu ina moshi kwa mbali na asali kavu, raundi ya tatu ikanikamata ulimi, uchungu na ukakasi vyote vipo bado. Sio chai mbaya, ila aliyeniuzia kwa kuiita "laini kabisa" ana ulimi wa bati.

Wengi wangeshusha joto la maji hapa. Nimejaribu, tisini, ukakasi umepungua kweli lakini na harufu imeondoka, na ule utamu unaorudi kooni baada ya kumeza haukuja kabisa, umebaki na maji ya rangi. Kilichofanya kazi ni kubaki na maji yanayochemka ila kupunguza majani mpaka gramu tano na nusu au sita, na kumimina haraka, yaani maji yakigusa majani mfuniko unawekwa na unamimina hapo hapo kwa raundi nne za mwanzo. Uchungu unakuja, unaondoka, nyuma yake unapata utamu mrefu. Kwa hii chai kasi ya mkono ina maana kuliko kipimajoto.

Tahadhari moja: usinywe hii tumbo tupu. Kula kwanza, hata mandazi mawili. Ina nguvu, ukiichukulia poa utaanza kutetemeka mikono saa nne asubuhi.

Aprili: Guangzhou

Hii nitaiongelea sana kwa sababu inastahili.

Vipimo vile vile, gramu 7. Maji ya kusuuza tu tayari yana rangi ya kaharabu, nikanusa mfuniko: mbao kavu, na kitu cha tunda lililokaushwa, kama sio tende basi squash ya ukwaju iliyochemshwa, siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo. Raundi ya kwanza nyepesi. Ya pili ndo chai imeingia. Mdomoni ni nzito, inateleza, uchungu upo nyuma kabisa ukiutafuta, na baada ya kumeza mate yanajaa pembeni mwa ulimi yenyewe. Raundi ya nne na ya tano nikaacha kuandika, nilikua nakunywa tu.

Kuanzia ya sita nimeenda sekunde 15, ya nane 30, ya kumi dakika nzima, na bado ilikua inatoa. Rangi inashuka kutoka nyekundu kwenda njano lakini utamu unaongezeka, sasa hapo ndo utajua chai imezeeka vizuri, maana ile ambayo haina kitu rangi na ladha vinakufa pamoja. Imefika raundi ya kumi na nne nikaona gaiwani haina kazi tena, nikamimina majani yote kwenye sufuria ndogo na maji nusu lita, nikachemsha dakika tano moto mdogo. Jamani. Sukari guru bila sukari guru. Kwa hizi za zamani usitupe makapi kabla hujayachemsha.

Makapi yenyewe nimeyatandaza kwenye sahani nyeupe. Majani yamefunguka, rangi ya kahawia, ukilishika jani linanyooka na halikatiki, ukilisugua kati ya vidole halisagiki. Hiyo ndo alama ya mbichi iliyozeeka yenyewe. Iliyoivishwa kwa kulundikwa ni nyeusi, haifunguki vizuri, ukiifikicha inavunjika. Kuna watu wanachanganya hizo mbili kwenye keki moja ili rangi iwe nyeusi ionekane ya zamani, na kikombe hakikuonyeshi vizuri ila sahani inaonyesha.

Nilijaribu pia gramu 8 na sioni haja, inakuwa nzito mpaka harufu inajificha. Saba kwa mia ndo hapo hapo.

Aprili, siku ya kashfa ndogo

Pembeni ya mradi kidogo. Duka moja, silitaji, wamenionyesha keki "ya 2003", karatasi imechakaa vizuri, ina madoa ya chai, ina matundu ya wadudu, bei ya rafiki. Nikaigeuza nyuma. Ina alama ya SC. Hiyo SC ni leseni ya chakula iliyoanza kutumika 2015. Karatasi ya 2003 imejuaje mambo ya 2015? Nikamrudishia kwa heshima, nikanywa kikombe alichonimiminia, nikaaga.

Karatasi inazeeshwa mchana mmoja kwa maji ya chai na jua. Angalia pia kile kikaratasi kidogo kilichozama ndani ya keki, kile kinabanwa pamoja na majani kiwandani, kwaio kinatakiwa kiwe kimeshikwa na majani na kimeiva nayo rangi. Kikiwa cheupe juu ya keki nyeusi, kunywa kikombe chako uage na wewe.

Mei: Hong Kong

Hii niliiacha ya mwisho maksudi ipumue zaidi. Hong Kong watu wanakunywa puer na chakula, asubuhi mezani na vile vitafunwa vya mvuke, na chai ya kula nayo inatakiwa iwe laini, sio ikukaze ulimi. Sasa wafanyabiashara wa zamani hawakuwa na muda wa kusubiri miaka 30, wakawa wanaziweka kwenye stoo za chini ya ardhi zenye joto na unyevu mwingi, chai inakimbia, afu baadae wanazihamishia pakavu ili harufu ya stoo ipungue. Joto na maji vinawapa vijidudu kazi, vile vitu vinavyokaza ulimi vinavunjika haraka, ndo maana keki ya mwaka ule ule inaweza kuonekana ina miaka 10 zaidi.

Gramu 7, maji yanachemka, nasuuza mara mbili, na hapa sijadili, mara mbili. Suuza ya kwanza ina harufu ya godauni la karafuu lililofungwa muda mrefu, udongo wenye maji. Ya pili imeanza kusafika. Raundi ya kwanza nyekundu ya kuiva lakini ukiinyanyua kwenye mwanga inapenya, haina ukungu ndani, hiyo ni dalili nzuri, stoo ilikua na unyevu lakini chai haikuoza. Uchungu hakuna kabisa. Mdomoni ni laini mno, udongo, mbao, na juu yake kafuri.

Kafuri ndo imeleta kesi. Kwa wapenzi wa puer harufu ya kafuri ni sifa, watu wanalipa hela kwa ajili yake. Sasa siku hiyo alikuwepo jamaa yangu wa Mombasa, mwanachama wa chai ya maziwa, nikamkaribisha kikombe. Akanusa, akakirudisha mezani taratibu.

"Ndugu yangu, mbona hii yanukia kafuri?"

Nikamwambia ndo uzuri wake.

"Kafuri yatiwa maiti bwana. Mimi niko hai, niletee sukari."

Nilicheka mpaka nikashindwa kumimina, lakini ana hoja, mtu aliyekulia Pwani akisikia kafuri anaona sanda na watu wanaosha, huwezi kumlazimisha aione ni anasa. Akakubali cha Guangzhou bila neno, akanywa vinne vitano, akauliza kama inaweza kuwekwa maziwa. Nimekataa. Urafiki upo.

Kwa hiki cha Hong Kong nilihama kutoka gaiwani kwenda birika la udongo wa Yixing, ule wa zambarau, na hapo ndo chai imebadilika sana kuliko kwa zote. Udongo una vitundu vidogo, unashika joto, ile harufu ya stoo inapungua na utamu unabaki mbele. Kwa Kunming birika halikunisaidia, lilizima harufu nzuri pamoja na ukakasi, gaiwani ya kauri inabaki bora pale. Kwa Guangzhou vyote sawa, chagua kizuri machoni.

Mei, maji

Fupi. Maji ya bomba ya hapa yakichemshwa yanaacha harufu ya klorini, hapana. Maji ya chupa yenye madini mengi yalifanya chai ya Guangzhou iwe bapa, rangi imekolea, utamu wa kooni umefifia. Maji mepesi ya chupa za kawaida dukani ndo bora kwa zote tatu. Yale yaliyochujwa mpaka hayana kitu kabisa nayo yanaleta ukali wa ajabu, hasa kwa Kunming. Ukipata yasiyoacha magadi kwenye birika la umeme inatosha, usiumize kichwa.

Juni

Hapa tulipofika: sikubaliani tena na mtu anayeniuliza "ya mwaka gani" ndo anishauri namna ya kuipika. Zote hizi ni za 2006. Swali langu la kwanza dukani sasa ni ilikaa wapi, na la pili ni ilitoka huko lini, kwa sababu kuna keki za Hong Kong zilizohamia Kunming miaka mitano iliyopita zimekauka juu ila ndani bado ni Hong Kong. Kisha napanga. Ya ukavu: majani machache, mkono wa haraka, kauri. Ya unyevu: ipumue sana, suuza mbili, udongo. Ya katikati: usiiingilie. Na maji yachemke kwa zote, hilo nimelifunga.

Nimenunua keki nzima ya Guangzhou. Nusu yake inapanda kwenye kontena la mwezi huu kwenda Dar, ndani ya boksi la bati lililofungwa na kutiwa kwenye mfuko mwingine maana ndani ya kontena joto ni balaa na kuna jirani wa matairi mapya, na chai inanyonya kila harufu iliyo karibu. Dar yenyewe naiamini, joto lipo mwaka mzima, unyevu upo, hakuna baridi ya kuilaza chai kama hapa Januari. Tatizo ni nyumbani. Nyumba yetu inafukizwa udi kila alhamisi jioni, kabati zimejaa karafuu na asmini, jikoni ni bizari na nazi. Keki ikikaa humo miezi sita tutakunywa pilau.

Dada yangu nimempigia, amenipa chumba cha uani kilichokua cha baiskeli, nimemuomba chetezo kisipite mlango ule, akanijibu "sawa kaka, ila wewe na majani yako mna mambo." Nimemwekea kipima unyevu ndani ya boksi, atanitumia picha kila ijumaa asubuhi kabla hajafungua dirisha na jioni akishalifunga. Ikizidi 80 wiki nzima boksi linahamia kwa mjomba Morogoro.